Diski ya Masinde

Kaloleni, Nairobi
14 Aprili 2024

Kwa Mzee Patrobas Shiundu,

Pokea salamu zangu, na Mama Phelister umpe zake. Mimi ni mzima. Nilirudi kiwandani mwezi wa tatu, bado niko upande wa kufunga biskuti, zamu ya asubuhi. Mvua ya huku imekuja na hasira. Maji yalifika kizingitini, lakini nyumba hizi za zamani za kaunsili zimeinuliwa kidogo, hayakupita. Wifi Mourine wa Huruma alinipitia Jumapili iliyopita akasema Mama alikuwa na kifua. Naomba kiwe kimepoa.

Najua utashangaa kuona barua yangu. Tangu tumzike Masinde hatujasemezana, mimi na wewe, na hata kabla ya hapo hatukuwahi. Mourine anasema masikio yako hayashiki tena mazungumzo ya simu, ndiyo maana naandika kwa kalamu.

Nina shida na kifaa cha Masinde. Ni diski ya kuhifadhia vitu, kisanduku cheusi ukubwa wa Biblia, kinakaa sebuleni kando ya rauta ya intaneti. Alikifunga mwenyewe. Kila alipoingia nyumbani, picha na sauti kutoka kwa simu yake zilijihamisha humo bila mtu kugusa kitu. Simu yenyewe unajua ilivyokuwa. Siku gari lilipomgonga pale Jogoo Road, simu ilipotea hapohapo barabarani na hatukuiona tena. Kwa hiyo yote yaliyobaki yamo ndani ya kisanduku hicho.

Sasa kinakatika. Nafungua kompyuta, nakiona, naanza kunakili vitu vyake, halafu baada ya dakika chache kinatoweka kama hakijawahi kuwepo. Nazima, nawasha, kinarudi. Kinatoweka tena. Nilikipeleka Muthurwa kwa fundi anayeitwa Kabiru, akakiwasha mara moja, akaniambia, “Hii imeenda, siste. Tafuta ingine.” Nikamwambia ingine haitakuwa na mume wangu ndani.

Masinde alikuwa akisema kuwa baba yake alitafuta hitilafu za simu miaka thelathini na moja, na hakuwahi kurudi ofisini bila kuipata. Alilisema hata katika ile miaka mitatu ambayo hamkuwa mnaongea. Ndilo lililonipa moyo wa kuandika. Sina mwingine wa kumwuliza.

Wacera

*

Malava
9 Mei 2024

Kwa Bi. Wacera,

Barua yako ilifika tarehe mbili. Phelister hana kifua tena. Mahindi ya juu yameota vizuri, ya bondeni yalisombwa. Ng’ombe amezaa dume.

Kifaa unachokitaja sikijui. Wakati wangu kulikuwa na waya, nguzo, na watu wenye hasira. Lakini hitilafu inayokuja na kwenda naijua. Ni ngumu kuliko ya kitu kilichokufa, kwa sababu ukiitazama inajificha. Fundi anayesema kimekufa, ilhali kinarudi kila kikiwashwa, hakukitazama.

Chukua daftari. Andika saa uliyokiwasha, saa kilipokatika, na ulichokuwa ukifanya wakati huo. Usitegemee kukumbuka. Mtu akiwa na huzuni hukumbuka anavyotaka.

Baada ya hapo, igawe njia katikati. Simu ya Malava ilipokuwa haisikiki Kakamega, sikukagua nguzo zote. Nilipanda ya katikati, nikasikiliza huku na huku, nikajua nusu gani ni mbovu, halafu nikaigawa hiyo nusu tena. Kwako njia inatoka kwenye kisanduku, inaingia kwenye rauta, inapita hewani, inafika kwenye kompyuta. Ondoa rauta na hewa. Funga waya moja kwa moja kutoka kwa kisanduku hadi kwa kompyuta. Kikikatika tena, ubaya uko kwenye kisanduku. Kisipokatika, uko ng’ambo.

Usikifungue. Usikipige kwa mkono, watu hupenda kupiga vitu.

Hukusema hasa ndani yake kuna nini.

P. Shiundu

*

Kaloleni
26 Mei 2024

Mzee Shiundu,

Asante kwa kunijibu. Nilipoona bahasha nilikaa nayo kwenye veranda kwanza kabla ya kuifungua, majirani wakafikiri nimepata habari mbaya. Hapa tuko salama. Mafuriko yameisha isipokuwa matope. Ile kwaya ambayo Masinde aliirekodi mwaka jana imerudi kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa, na jioni nawasikia nikiwa jikoni. Siku nyingine nafunga dirisha.

Nimefanya ulivyosema. Daftari limejaa kurasa nne. Nikikiwasha bila kukigusa, kinakaa hata saa mbili bila kukatika. Nikianza kunakili, kinakatika ndani ya dakika tano au saba, haijawahi kufika kumi. Nilikifunga kwa waya moja kwa moja na kompyuta, bila rauta. Bado kinakatika, na ni vilevile, kikianza kazi tu.

Umeuliza kuna nini ndani. Kuna folda nne, naziona majina kabla hakijakatika. Kompyuta inazipanga kwa herufi na kuzinakili kwa mpangilio huohuo. Ya kwanza inaitwa Baba. Ya pili ni Harusi. Ya tatu ni Kazi ya Kwaya. Ya nne ni Picha za Simu, na hiyo ndiyo kubwa, miaka yote mitatu tuliyoishi pamoja. Ndani yake kuna sisi tukipika, tukisubiri maji, tukifanya mambo ya ovyo. Hiyo ndiyo ninayoitaka zaidi, sitakuficha.

Hiyo ya Baba ina sauti tatu. Alijirekodi peke yake, kana kwamba anazungumza na wewe. Alisema atakuwekea kwenye flashi uzisikilize kwenye redio yako, halafu hakufanya. Sijawahi kuzisikiliza.

Kuna jambo jingine na nimelikalia tangu Februari, afadhali nilitoe. Siku ya mazishi wasifu wake uliposomwa, ulisema ameacha baba, mama na dada. Nilikuwa nimekaa pale mstari wa pili na gauni jeusi. Sikutajwa. Sitaki uniandikie chochote kuhusu hilo. Nimeona tu usidhani sikusikia.

Wacera

*

Malava
3 Julai 2024

Kwa Wacera,

Nimechelewa. Niliugua malaria siku kumi, halafu goti. Sasa natembea. Phelister anakusalimu na anauliza kama huko mboga za kienyeji zinapatikana. Nimemwambia Nairobi kila kitu kinapatikana, hakuamini.

Daftari lako ni zuri. Nilikuwa na vijana waliosomea kazi hii ambao hawakuweza kuandika vile. Sasa soma ulichokiandika. Kikikaa bure hakikatiki, kikifanya kazi kinakatika. Hiyo si hitilafu ya njia. Hicho ni kitu chenye njaa. Kinapata umeme wa kukaa, hakipati wa kufanya kazi.

Kuna kijiadapta kinachotoka kwenye soketi hadi kwenye kisanduku. Rudi kwa yule fundi wa Muthurwa, mwambie akipime kwa mita. Ataona namba ni sawa, atakuambia adapta ni nzima. Usiondoke. Mwambie akipime tena huku kisanduku kikiwa kinafanya kazi, ukiwa unanakili. Kitu hakipimwi kikiwa kimepumzika, kinapimwa kikiwa na mzigo. Akibisha, mwambie mzee mmoja wa Malava amesema.

Hiyo folda yenye jina langu haina haraka. Anza na zako.

Kuhusu lile jingine umesema nisiandike. Siandiki.

P. Shiundu

*

Kaloleni
21 Julai 2024

Mzee,

Hii ni fupi, nataka imuwahi Mourine kabla hajapanda basi la kuja huko kesho.

Kabiru alipima akasema, “Iko fiti, volti kumi na mbili kamili.” Nikamwambia apime nikiwa nanakili. Akacheka, akachuna waya kidogo, akashika mita. Namba ilishuka mbele ya macho yake hadi kumi, ikashuka hadi tisa, kisanduku kikazima. Aliiweka mita chini. Kisha akaniuliza, “Huyo mzee alisomea wapi?” Nikamwambia alisomea juu ya nguzo.

Amenitafutia adapta nyingine yenye nguvu. Nimekiwasha sasa hivi. Dakika ishirini na mbili zimepita na bado kipo.

Mshukuru Mungu pamoja nami.

Wacera

*

Kaloleni
4 Agosti 2024

Baba,

Nakusalimu wewe na Mama. Mourine alirudi na mrenda uliofungwa kwenye jani la mgomba, haukuharibika. Nimeupika, sijui kama nimeupika sawa. Mwambie Mama asante.

Kisanduku kimekufa.

Kilinakili vizuri kwa saa moja na nusu. Nilikaa mbele yake kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike. Kisha kikaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, taratibu. Nikakumbuka usemi wako wa kutokukipiga, sikukigusa. Kikagonga dakika kama mbili, kikanyamaza. Tangu hapo hakijawaka. Kabiru amekitazama kwa uangalifu safari hii, siku tatu nzima. Anasema kule kukatika-katika kwa miezi yote kumeikwaruza sahani ya ndani, na kwamba tungejua kuhusu adapta mwezi wa pili kingepona. Hakusema kwa ubaya.

Picha za Simu zimepotea zote. Hakuna hata moja. Nina picha moja tu ya Masinde akiwa nyumbani, ile aliyopigwa hapa sebuleni ya kitambulisho cha kanisa, na hapo hata hacheki.

Nilichookoa ni Harusi yote na kipande cha Kazi ya Kwaya. Nimekuchapishia picha sita za harusi uzione, kwa kuwa hukuwapo. Huyo mwenye suti ya kijivu kando ya Masinde ni baba yangu. Ya saba ni ya kazini, yuko ukumbini na vile visikizio vikubwa masikioni, Mama atamtambua hata kwa mgongo.

Zile sauti tatu zako nazo zimepotea. Samahani sana, Baba. Nilijitahidi.

Wacera

*

Malava
30 Agosti 2024

Mwanangu Wacera,

Picha zilifika. Phelister ameziweka kwenye Biblia, kila baada ya muda anazitoa. Jana alinionyesha ile ya suti ya kijivu akauliza huyu ni nani, nikamwambia. Akasema ana uso wa mtu mpole. Tunavuna mahindi wiki ijayo. Dume limekua.

Sasa nisikilize. Nimetafuta hitilafu maisha yangu yote, na kazi hiyo ni kuweka maneno ya watu kando ya vipimo na kuona pale visipolingana. Mwezi wa tano uliniandikia kuwa kompyuta hunakili kwa herufi, na kwamba folda ya kwanza ni Baba. Harusi umeipata yote. Kazi ya Kwaya umepata kipande. Ungeruka Baba na kuanza na zako kama nilivyokuambia, ungeanza na Picha za Simu uzitakazo zaidi; basi kompyuta ilifuata herufi, na hakuna njia ya kufika Harusi bila kupita Baba.

Unazo. Umezisikiliza na umeona nisizisikilize.

Sikukasirikii. Mtu anayemficha mwenzake jambo la kuumiza anamtakia mema. Lakini kabla hujaamua, nataka na wewe ujue ninachokificha, ili tusimame sawa.

Tarehe 28 Januari, siku ya Jumapili, simu yangu ililia mara nne. Phelister alikuwa kanisani, mimi nilikuwa nimebaki kwa sababu ya goti. Simu ilikuwa juu ya meza, na jina la Masinde lilikuwa limeandikwa pale kwenye kioo. Nimemwambia kila mtu kuwa ni masikio. Phelister nimemwambia hivyo, mchungaji nimemwambia hivyo. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, hiyo ni kweli. La kulia lilikuwa bado linasikia Januari. Nilisikia simu ikilia mara zote nne. Nilikaa nikaitazama hadi ikanyamaza, kwa sababu nilitaka apige mara ya tano.

Hakupiga. Ijumaa yake tuliletewa habari.

Sikio la kulia lilizimika mwezi wa tatu. Daktari amesema ni uzee.

Na wasifu. Mourine ndiye aliyeuandika, na jina lako lilikuwamo, mstari wa nne. Nililikata mimi kwa kalamu yangu, asubuhi ya mazishi, nikiwa nimekaa kando ya jeneza. Sina sababu ya kukupa. Nilikuwa nimekasirika kuwa kuna mtu aliyekuwa naye miaka mitatu ambayo mimi sikuwa nayo, na kuikosa nilijikosesha mwenyewe.

Ninaomba uniandikie alichosema. Hata ukiniletea sauti yenyewe sitaisikia. Wewe ndiye unayeweza kunisikilizia. Usipunguze, usiongeze. Nitajua.

Baba yako,
Patrobas

*

Kaloleni
22 Septemba 2024

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na mara ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama pale lango la kiwanda, nikachelewa zamu. Nilitaka kukuandikia palepale, nikashindwa. Kila nikishika kalamu naona umekaa na ile simu.

Ninazo, kama ulivyosema. Nimeziandika neno kwa neno. Nilizisikiliza kwa visikizio vyake mwenyewe, nikirudia pale nisipokuwa na hakika.

Ya kwanza ni ya tarehe 12 Novemba. Sauti yake ni ya hasira, anaongea haraka.

“Baba, ni mimi. Leo nimeambiwa umesema mbele ya watu kuwa sina mke. Sina mke. Wacera amejifunza kusalimia kwa mulembe, salamu ya kwetu, kwa ajili yako, anaifanyia mazoezi jikoni akidhani simsikii, na wewe hujawahi hata kuuliza baba yake anaitwa nani. Sawa. Kaa na hasira zako. Krismasi siji. Ukifa nitakuja kukuzika kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini kabla ya hapo usinitazamie.”

Hapo inaisha. Nilikaa siku nyingi nikijiuliza kama naweza kuandika sentensi hiyo kwa mkono wangu, kwa mtu aliyemzika aliyeisema. Nimeiandika kwa sababu umesema nisipunguze.

Ya pili ni siku ya Krismasi yenyewe. Kuna kelele za watu ukumbini, wanapanga viti. Kisha yeye, kwa sauti ya chini.

“Baba. Mikrofoni ya kwaya ilikuwa inakatika leo kabla ya ibada. Watu wakataka kuitupa. Nikaigawa njia katikati, kama ile siku ulinipeleka Kapsabet nikakubebea mkoba. Ilikuwa ni waya tu, ulikuwa umelegea karibu na jeki. Imepona. Nilitaka tu kukuambia.”

Kisha ni viti tu vinavyosikika kabla hajazima. Nimehesabu, ni sekunde arobaini.

Ya tatu ni ya tarehe 28 Januari. Ndiyo iliyonifanya niseme uongo, zaidi ya ile ya kwanza. Yuko hapa nyumbani, chumbani, amefunga mlango.

“Baba, nimekupigia mara nne. Labda uko kanisani na Mama. Acha niseme humu, maana nikikuona uso kwa uso maneno yatanikimbia. Mimi na Wacera tumekaa tukaongea, na nimeamua jambo, na nataka wewe ndiye uwe wa kwanza kulisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Jambo lenyewe ni kwamba...”

Halafu mlango unagongwa na kuna sauti ya mwanamke. “Masinde, chakula kinapoa.”

“Nakuja. Baba, nitamalizia kesho.”

Basi. Huyo mwanamke ni mimi.

Umeniambia kuhusu simu iliyolia mara nne. Mimi nilikuwa nyumba hiyohiyo naye, na ndiye niliyemkatiza. Ulikuwa ni ugali na sukuma, chakula cha kila siku. Hatukuwa na mgeni, hatukuwa na haraka ya kwenda popote. Ungepoa tu.

Jambo lenyewe silijui. Tulikuwa tumeongea kuja huko Pasaka, sote wawili, hata ukitufukuza langoni. Tulikuwa tumeongea pia kuhusu mtoto, na kuhusu yeye kuacha kazi ya kurekodi. Huenda ni mojawapo, huenda ni lingine alilokuwa hajaniambia. Nililala kando yake siku tano zaidi na sikumuuliza alikuwa akiongea na nani mle chumbani.

Sasa tumesimama sawa, kama ulivyotaka.

Wacera

*

Malava
10 Novemba 2024

Mwanangu Wacera,

Nilifika nyumbani salama kutoka huko kwako. Basi liliharibika Nakuru, tukalala hapo, lakini watu walikuwa wema. Phelister alinipokea kwa maswali: nyumba ikoje, Wacera amekonda kiasi gani, kwenye picha alikuwa mnene. Nimemjibu yote. Mkeka uliompa ameutandika sebuleni na hakuna anayeruhusiwa kuukanyaga. Mwambie Mourine asante kwa kitanda. Najua ulitaka nilale kwako, lakini kwa desturi yetu baba mkwe halali nyumbani mwa mwanawe, na katika mambo niliyoyaharibu sikutaka kuongeza hilo.

Nimezungumza na mchungaji. Februari, mwaka utakapotimia, kutakuwa na ibada ya kumbukumbu hapa nyumbani. Wasifu utasomwa upya, wote, na nitausoma mimi. Najua sitajisikia na huenda nikapaza sauti kupita kiasi. Watavumilia. Jina lako litakuwa mstari wa pili, baada ya tarehe yake ya kuzaliwa. Niandikie baba yako anaitwa nani na anatoka wapi hasa, nitamwandikia mwenyewe kumwomba aje, yeye na mama yako. Nilipaswa kuiandika barua hiyo miaka minne iliyopita.

Kuna jambo moja zaidi, halafu nimalize.

Siku ile ya Oktoba nilipokuwa kwako, uliweka spika juu ya meza, ukafungua sauti hadi mwisho, jirani akaja kuchungulia. Mimi niliweka kiganja juu ya spika. Sauti zote tatu zilipita. Uliponiuliza kwa mkono kama nimesikia, nilitikisa kichwa kuwa ndiyo, na wewe ukalia ukashukuru, nikaona si wakati wa kusema kitu.

Sikusikia. Hakuna neno hata moja lililoniingia. Nilihisi mtetemo tu kiganjani, kama ule wa waya wa simu upepo ukiwa mkali. Sikuweza hata kutofautisha hasira na Krismasi. Nilijua tumefika mwisho kwa sababu uligeuka ukatazama mlango wa chumba.

Nilifikiri nitakuacha uamini hivyo. Njiani, pale Nakuru, nikaona tumeshadanganyana ya kutosha.

Kwa hiyo sauti ya mwanangu sinayo, na sitakuwa nayo tena. Nilikuwa nayo mezani Januari nikaiacha ilie. Nilicho nacho ni mwandiko wako. Naisoma barua ile asubuhi, kabla Phelister hajaamka, naanza na ile ya Novemba na siruki kitu. Nikifika mahali unapomwita kula, huwa nasimama hapo kwa muda. Wewe unaona ulimkatiza. Mimi nilikuwa nimemwambia kila mtu hapa kijijini kuwa mwanangu yuko Nairobi na hana mke. Na alikuwa na mtu wa kumgongea mlango akamwambia chakula kinapoa, naye akajibu nakuja, akaenda.

Usikitupe hicho kisanduku. Ukija Februari uje nacho. Najua hakitapona, nataka tu kukiona kikiwa hapa.

Baba yako,
Patrobas Shiundu